Paipu ya Jiko Haiwezi Kubeba Hita ya Maji: Barua ya Wazi kwa Wenye Nyumba wa Eastlands

Kwenu wenye nyumba za ghorofa katika mitaa ya Pipeline, Tassia, Fedha, Umoja, Kayole, Donholm, Komarock, Buruburu, Utawala na mingineyo upande huu wa jiji.

Nakala: Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA), wakuu wa mipango ya ujenzi, Kaunti ya Jiji la Nairobi.

MINT: UPANA WA PAIPU ZA GESI ZA HITA ZA MAJI



Baridi ya Juni na Julai inawaletea mafundi wa mabomba kazi ambayo zamani haikuwa ya kawaida huku kwetu: kufunga hita ya gesi, ile inayopasha maji papo hapo bila tangi. Mpangaji huinunua mjini, huibeba kwa matatu hadi nyumbani, kisha humwita fundi. Fundi hutazama gesi ilipo karibu, na gesi iliyo karibu ni ya jikoni. Hukata mpira wa jiko, hutia kiungo cha njia tatu, huvuta mpira mwingine kupitia juu ya mlango hadi bafuni, hukaza klipu, hupokea pesa zake na kuondoka. Ninyi hamkuulizwa. Na hata mkiulizwa, wengi wenu hujibu kuwa mambo ya gesi ni ya mpangaji.

Mimi ni fundi wa mabomba na pia ni mpangaji, na ninawaandikia kuwaambia kuwa si ya mpangaji peke yake. Paipu inayotoboa ukuta ni sehemu ya nyumba. Upana wake una hesabu, na hesabu hiyo lazima mtu aifanye, aiandike na aitie sahihi kabla ya hita kuwashwa.

Siwalaumu wapangaji kwa kuikimbilia gesi. Shawa ya umeme inakula karibu kilowati 5 na nusu, na katika ploti nyingi ambako nyumba kadhaa zinatumia mita moja, keateka huipiga marufuku siku ya kwanza mpangaji anapohamia. Penye mita ya tokeni, mama mwenye watoto wanne huziona yuniti zikiyeyuka kabla ya saa moja asubuhi. Mwaka 2012 serikali ilitunga kanuni za kupasha maji kwa jua, lakini paa la nyumba ya ghorofa nane lililokwisha kujaa matangi ya maji na kamba za nguo litawekwa mitambo ya wapangaji wangapi? Gesi nayo imepewa msukumo. Ushuru wa VAT wa asilimia 16 uliorudishwa juu yake mwaka 2021 ulipunguzwa hadi 8 mwaka uliofuata, na mwaka 2023 ukaondolewa. Watu wamesikia wito, wameitikia. Kwa hiyo hita zitaendelea kuja, mpende msipende, na mwenye nyumba mwenye busara atazitengenezea njia.

Sasa hesabu yenyewe, ambayo haimshindi yeyote anayejua kukusanya kodi.

Maji ya tangi la juu ya paa asubuhi ya Julai huwa na joto la nyuzi 15 au 16 hivi. Ili mtu aoge vizuri, yanahitaji kupanda kwa nyuzi 25. Kupandisha lita moja kila dakika kwa kiasi hicho, pamoja na moto unaopotea, kunahitaji karibu kilowati 2. Ndiyo maana hita iliyoandikwa lita 6 ni ya kilowati 12 hivi, na ya lita 10 ni ya kilowati 20. Jiko la kawaida la meko mawili, yote yakiwashwa hadi mwisho, ni kilowati 5 tu.

Kilo moja ya gesi hutoa karibu kilowati-saa 13. Gawanyeni, mtaona kuwa jiko hilo linakula gramu 400 kwa saa. Hita ya lita 6 inakula gramu 900 na ushei. Hita ya lita 10 inakula kilo 1 na nusu na zaidi. Mama anayepika chai huku mumewe akioga anahitaji paipu ipitishe kilo 1.3 kwa saa, au karibu kilo 2 ikiwa hita ni kubwa. Mpira uliozoea kupitisha gramu 400 unatakiwa ghafla ufanye kazi mara tatu hadi tano.

Hapa ndipo mafundi wengi wanapodhani kuwa gesi itajisukuma tu. Haijisukumi. Regyuleta ya nyumbani inatoa gesi kwa presha ndogo sana, karibu kilopaskali 2.8, na kila mita ya paipu, kila kona na kila kiungo hunyang'anya kidogo. Upotevu huo haupandi kwa ulingano na mtiririko. Mtiririko ukiongezeka maradufu, upotevu unakaribia mara nne. Ukiongezeka mara tatu na nusu, upotevu unapita mara kumi. Upana nao una nguvu kuliko kitu kingine chochote: ukipunguza kipenyo cha paipu kwa nusu, upotevu unazidi mara thelathini. Ninyi mnaijua tabia hii kwa maji. Saa kumi na mbili asubuhi, ghorofa ya chini wakifungua mifereji yote, aliye juu anabaki na bomba linalokohoa, ijapokuwa tangi limejaa.

Nitawapa tarakimu ili msiseme ninawatisha. Chukueni mpira wenye tundu la milimita 8, urefu wa mita 10, kutoka mtungi ulioko barazani hadi bafuni. Kwa jiko peke yake, upotevu haufiki hata kilopaskali 0.1. Ongezeni hita ya lita 6, na kwa hesabu yangu upotevu unafika 0.6 na zaidi. Robo hivi ya presha yote imeishia njiani. Wekeni hita ya lita 10, na upotevu unapita kilopaskali 1. Nchini Marekani, majedwali ambayo mafundi huyatumia kuchagua paipu za nyumbani hukubali upotevu wa inchi nusu ya safu ya maji katika inchi 11 zinazotoka kwenye regyuleta, yaani karibu kilopaskali 0.12 katika 2.7. Mpira wetu unapoteza mara tano ya hapo, au zaidi.

Paipu ya shaba ya milimita 15, kwa safari hiyohiyo ya mita 10, inapoteza karibu 0.05 kwa hita ndogo na jiko, na karibu 0.1 kwa hita kubwa na jiko. Inatosha, ila kona zisiwe nyingi, kwa sababu kila kona huhesabiwa kama nusu mita ya paipu zaidi. Safari ikifika mita 20 na hita ni ya lita 10, milimita 15 haitoshi tena; inatakiwa 22. Tofauti ya bei kati ya paipu hizi na mpira wa kukatwa kwa mita ipo, sikatai. Lakini rahisi ni ghali, hasa kwa kitu kinachopita ndani ya ukuta wako kwa miaka ishirini.

Paipu ikisharekebishwa, zimebaki regyuleta na mtungi. Regyuleta huandikwa juu yake inaweza kupitisha kilo ngapi kwa saa. Iliyoandikwa kilo 1 haiwezi kulisha jiko na hita kwa pamoja, hata paipu iwe pana kama ya maji taka. Mtungi nao una kikomo chake. Gesi ndani yake ni kimiminika, na ili igeuke mvuke inanyonya joto la mtungi wenyewe. Mtu mmoja akioga dakika 10 kwa hita ndogo, anatumia gramu 160 hivi, na mtungi wa kilo 13 hauoni taabu. Kwa kiasi hicho unatosha kuoga mara 80. Lakini familia ya watu watano wakifuatana asubuhi ya baridi, mtungi uliobaki nusu hutoa jasho na kupoa hadi moto unafifia. Mtungi wa kilo 6 huchoka mapema zaidi. Huo si wa hita kabisa.

Kinachotokea moto unapofifia ndicho kinachonifanya niandike. Wapo wanaolaza mtungi chini au kuuinamisha ili gesi itoke yote. Wakifanya hivyo, kimiminika huingia kwenye regyuleta badala ya mvuke, na moto unaotoka huko si wa kuchezewa. Wapo wanaouweka kwenye karai la maji moto. Na wapo mafundi, ninasikitika kusema, wanaoondoa regyuleta ya nyumbani na kufunga ile ya presha ya juu inayotumiwa kwenye majiko makubwa ya hoteli na vibanda. Hita inawaka, mteja anafurahi. Lakini hita ile na mpira ule vilitengenezwa kwa kilopaskali 3, na sasa vinapokea presha ambayo havikuumbiwa. Klipu huanza kuvuja, mpira huvimba, miale hurefuka na kuwa ya njano.

Mara nyingine kosa halipo kwenye gesi kabisa. Hita hizi huwaka pale tu maji yanapopita kwa nguvu fulani. Nyingi zimeandikwa megapaskali 0.02, ambayo ni sawa na tangi lililoinuliwa mita 2 juu ya shawa. Mpangaji wa ghorofa ya mwisho hana mita 2. Tangi limekaa juu ya dari yake, na siku za mgao wa maji limejaa robo. Hita haiwaki, fundi anailaumu gesi, anaongeza presha ya gesi. Dawa ilikuwa pampu ndogo ya maji au mnara wa tangi ulioinuliwa kidogo, na vyote viwili viko mikononi mwenu, si mwa mpangaji.

Sasa nije bafuni. Bafu nyingi nilizozipima katika nyumba za kupanga hazizidi mita 1.2 kwa 1.5, dari mita 2.4. Hewa yote iliyomo ni mita za ujazo 4 na kidogo. Hita ndogo kwa dakika 10 inahitaji zaidi ya mita za ujazo 2 za hewa ili ichome gesi yake sawasawa. Yaani nusu ya hewa ya chumba hicho, huku mlango umefungwa, dirisha limezibwa kwa karatasi ya nailoni kuzuia baridi, na mtu yumo ndani anapumua hiyohiyo. Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na presha ya hewa yetu ni ndogo kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 18. Waundaji wengi hushauri nguvu ya hita ipunguzwe kwa asilimia 4 kwa kila mita 300 za mwinuko. Nani kati yenu amewahi kumsikia fundi akilitaja hilo?

Hewa ikipungua, moto hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu mara zaidi ya mia mbili kuliko oksijeni. Ni ileile inayoua watu waliolala na jiko la makaa ndani. Gesi ya kupikia imetiwa harufu ili ikivuja mtu ajue. Kaboni monoksidi haina wa kuitangaza. Mtu husikia kichwa kizito, miguu ikalegea, akakaa chini aoge akiwa ameketi, na hapo ndipo anapokutwa. Bomba la moshi nalo haliponyi kitu likitoa moshi kwenye lile shimo la hewa lililo katikati ya ghorofa, ambalo madirisha ya bafu za nyumba zote hulitazama. Moshi wa ghorofa ya pili utaingia kwa jirani wa ghorofa ya tatu, naye hana hata hita.

Uingereza walilikata jambo hili kwa sheria. Kanuni zao za usalama wa gesi za 1998 zinakataza kufunga hita bafuni isipokuwa ile iliyozibwa kabisa, inayovuta hewa kutoka nje na kutoa moshi nje. Mwenye nyumba analazimika kuhakikisha vifaa vyake vya gesi vinakaguliwa kila baada ya miezi 12 na kumpa mpangaji karatasi ya ukaguzi. Fundi asiye kwenye orodha ya taifa haruhusiwi kugusa kazi hiyo kwa malipo.

Hawakufika hapo kwa hiari. Alfajiri ya tarehe 16 Mei 1968, katika jengo la Ronan Point, ghorofa 22, mashariki mwa London, mpangaji wa ghorofa ya 18 aliwasha kiberiti achemshe chai. Gesi ilikuwa imevuja kutoka nati moja ya shaba iliyounganisha mpira na jiko. Uchunguzi uligundua kuwa nati hiyo ilikuwa na kasoro. Pembe nzima ya jengo iliporomoka na watu 4 wakafa. Jengo lilikuwa na wapangaji kwa miezi miwili tu. Mwaka uleule Kenya ilipata kanuni zake za ujenzi, na hizo ndizo zilizosimamia majengo yetu hadi Kanuni za Taifa za Ujenzi za 2024 zilipoanza kutumika Machi 2025. Jengo lenu, kama lilichorwa kabla ya hapo, lilichorwa chini ya karatasi ya 1968, wakati mpangaji wa Eastlands alipikia makaa na mafuta ya taa.

Na sisi tuna yetu. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, lori la gesi lililipuka katika mtaa wa Mradi, Embakasi. Watu walikufa na zaidi ya 200 wakajeruhiwa, wengi wao wakiwa nyumbani kwao. EPRA ilisema kuwa maombi ya kujenga kituo cha kujaza mitungi ya gesi mahali pale yalikataliwa mara tatu mwaka 2023, na moja ya sababu ilikuwa wingi wa watu waliokaa karibu. Jibu la hapana lilikuwepo kwenye karatasi. Uwanjani kazi ikaendelea. Najua kuwa kituo cha kujaza mitungi na hita ya bafuni si kitu kimoja. Lakini udhaifu ni uleule: hakuna aliyehakikisha kuwa kilichoandikwa ndicho kilichofungwa. Na katika hita zetu, hakuna hata kilichoandikwa.

Kwa hiyo ombi langu kwenu, wenye nyumba, ni hili. Kabla ya Juni ijayo, amueni kama nyumba yenu inakubali hita za gesi au haikubali, na mwambieni mpangaji kwa maandishi anapoingia. Mkikataa, mpeni njia nyingine ya maji moto. Marufuku tupu huzaa hita za kujificha. Mkikubali, wekeni paipu ya chuma au shaba wenyewe, kutoka mahali pa mtungi palipo wazi kwa hewa hadi nje ya bafu, na vali ya kufungia ambayo mtoto wa darasa la sita anaweza kuifikia. Mtungi usikae kwenye ngazi wala kwenye ushoroba, kwa maana gesi hii ni nzito kuliko hewa; ikivuja hushuka na kutuama chini ambako watu hupita. Hita ifungwe nje ya bafu, ukutani barazani, bomba lake la moshi litoke kwenye ukuta wa nje na si kwenye shimo la hewa. Jaribio la kuvuja lifanywe kwa presha ya hewa na maji ya sabuni mbele ya keateka, kamwe si kwa kiberiti.

Kisha bandikeni karatasi moja kando ya vali. Iandikwe urefu wa paipu, kipenyo chake, kilo kwa saa inazoweza kupitisha, kilo kwa saa za regyuleta, ukubwa wa hita inayoruhusiwa, tarehe ya jaribio, na jina la fundi na sahihi yake. Mistari saba. Fundi asiyeweza kuijaza asiruhusiwe kutoboa ukuta wenu.

Kwa EPRA na Kaunti: Kanuni za Gesi ya Petroli za 2019 ziliwafanya watu wajue mtungi ni wa nani na nani anaruhusiwa kuujaza. Sasa tunahitaji macho yenu yaingie ndani ya nyumba, baada ya regyuleta. Toeni majedwali ya upana wa paipu kwa Kiswahili, yaliyopigiwa hesabu ya mwinuko wa Nairobi, yauzwe au yagawiwe mahali hita zinapouzwa. Tangazeni orodha ya mafundi wanaotambuliwa, ili keateka wa Kayole aweze kuitazama kwenye simu yake. Na mchoro wa jengo jipya usiidhinishwe mpaka uonyeshe mtungi utakaa wapi, hita itafungwa wapi, na moshi utatokea wapi.

Kwa mpangaji mwenzangu anayesoma barua hii akiwa na hita mpya ndani ya boksi: usiifunge leo. Soma kwanza kilowati zilizoandikwa ubavuni mwake, gawanya kwa 13, upate kilo kwa saa. Muulize fundi paipu yako inabeba ngapi. Akijibu kwamba ataongeza presha, mlipe nauli yake arudi alikotoka, na utafute mwingine.

Wenu katika kazi,
Fundi wa mabomba na mpangaji, Umoja, Nairobi